BAISKELI INAYOLIA ISIKILIZWE KABLA YA MAVUNO

Mazungumzo ya mafundi wa karakana ya baiskeli ya chama mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani siku ile, na kwa wale waliokuwepo wakasema tuliongea haraka mno.

 

Kamati imetuomba tuseme juu ya baiskeli, na imetuomba tuseme sasa, siyo baada ya mavuno. Sababu mnaiona wenyewe huko mashambani: alizeti imekwisha kuinamisha vichwa. Bado wiki chache magunia yaanze kuja ghalani, na sote tunajua yatakuja kwa njia gani. Wachache watakodi mkokoteni. Wachache watamwita kijana wa bodaboda, maana siku hizi pikipiki zimejaa mpaka vichochoroni. Waliobaki, ambao ndio wengi, watafunga gunia kwenye keria na kukanyaga pedeli wenyewe, kwa sababu baiskeli hainywi petroli. Na baiskeli hiyo hiyo ndiyo inayoleta madumu ya maji, ndiyo inayopeleka kuku na vitunguu mnadani, na usiku wa shida ndiyo inayompeleka mgonjwa zahanati. Ikivunjika njiani siyo chuma tu kilichovunjika.

Msimu uliopita tulipokea hapa karakana baiskeli zilizoletwa begani, mwenyewe ameushika mkono wa pedeli kama mtu aliyeokota mfupa. Kila mmoja tulimwuliza: je, ilikuwa inalia kabla? Kila mmoja alijibu: ndiyo, ilikuwa inalia tangu zamani, tukaizoea. Basi leo tunataka kusema juu ya huko kuzoea.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Baiskeli si debe. Baiskeli tupu mara nyingi hunyamaza, na ikipakiwa ndipo husema. Kwa hiyo ukituletea baiskeli tupu ukasema "inalia", sisi tukiizungusha pale juu ya stendi hatusikii kitu, na wewe unaondoka unanung'unika kwamba mafundi wa chama hawajui kazi. Usituambie tu kwamba inalia. Tuambie inalia lini.

Hili unaweza kulipima mwenyewe, bila spana wala senti. Nenda pale barabara inapopanda kidogo, penye utulivu, asiwepo mtu wa kupiga soga. Panda, kanyaga, sikiliza. Kisha acha kukanyaga, baiskeli iende yenyewe. Sauti ikikoma ulipoacha kukanyaga, ubaya uko katika pedeli, mikono yake, ekseli ya katikati au mnyororo. Sauti ikiendelea, acha hayo yote, tazama magurudumu: spoki zilizolegea, habu iliyokauka, madigadi yanayosugua tairi.

Kama ilikoma, hesabu. Sauti inayokuja mara moja kila pedeli inapomaliza mzunguko, tena mahali pale pale, mathalani kila mguu wa kushoto unaposhuka, iko kwenye mkono wa pedeli au pedeli yenyewe, au kwenye gololi za katikati. Sauti inayokuja kila baada ya mizunguko miwili na kitu, halafu inapotea, halafu inarudi, hiyo ni ya mnyororo: kuna kiungo kimoja kimekakamaa, na mnyororo ni mrefu, unachukua mizunguko zaidi ya miwili ya pedeli mpaka kiungo kile kipite tena. Tafuta kiungo hicho kwa kuzungusha pedeli kinyumenyume polepole huku unatazama pale nyuma kwenye friwili. Kitaruka kama kidole chenye baridi yabisi.

Halafu simama juu ya pedeli, usikalie kiti. Sauti ikipotea, umeonea bure pedeli zako. Ni springi za kiti au ile nati iliyo chini yake. Akina baba wazito mnalijua hili. Tone la oili kwenye springi na spana kidogo, kazi imekwisha. Vilevile fungua keria, uikaze upya. Keria iliyolegea ikibeba gunia hulia kama fremu inayokatika, na tumewahi kuona mtu akiuza baiskeli nzima kwa bei ya kutupa kwa ajili ya nati mbili za keria.

Hayo ni mepesi. Sasa tuje kwenye pini, maana hapo ndipo fedha zenu zinapopotelea.

Baiskeli zetu nyingi hapa ni zile nzito za mtindo wa Kiingereza, za magurudumu ya inchi 28. Wazee walianza na Raleigh za Nottingham, zikaja Swala za Dar es Salaam, zikaja Phoenix za Shanghai na Hero za Uhindi. Majina mengi, lakini katikati pale ujenzi ni ule ule. Kuna ekseli ya chuma inayopita ndani ya fremu. Kila upande kuna mkono wa pedeli, ule ambao mafundi tunauita krenki. Na kinachoushika mkono kwenye ekseli ni pini moja tu, isiyozidi kidole cha mtoto kwa unene: kotapini. Ubavu mmoja wa pini umechongwa mlalo kama kabari. Ubavu huo unakaa juu ya mahali palipochongwa kwenye ekseli. Ukiigonga pini, kabari inabana, mkono na ekseli vinakuwa kitu kimoja. Mwishoni kuna washa na nati ndogo.

Jamani, hebu tufanye hesabu. Mkono wa pedeli una urefu wa sentimita 17 hivi. Kutoka katikati ya ekseli mpaka pale pini inapobana haifiki hata sentimita moja. Ni wenzo huo, kama mtaimbo wa kung'olea jiwe. Nguvu ya mguu inazidishwa kwa mara 20 na zaidi inapofika kwenye pini. Mtu wa kilo 60 akisimama juu ya pedeli moja kupandisha mzigo, kile kipini kinabeba zaidi ya tani moja. Na siyo mara moja. Kwenye baiskeli hizi mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka mita 5 na kitu. Kilometa 10 ni karibu mizunguko 2,000. Pini ikiwa imebana, hiyo tani haina neno, chuma kimekaa juu ya chuma. Pini ikilegea hata unene wa ukucha, basi kila mzunguko siyo kubeba tena, ni kugonga. Nyundo elfu mbili kutoka hapa mpaka mnadani.

Ile "ka!" unayoisikia kila mguu unaposhuka ndiyo nyundo hiyo.

Na nyundo hiyo inagonga nini? Kwanza inakula pini yenyewe, inakuwa na kishimo kwenye ule ubavu. Hiyo si hasara, pini ni kitu rahisi. Lakini ukiendelea, tundu la mkono linapanuka, linakuwa yai badala ya duara. Kisha pale palipochongwa kwenye ekseli panamomonyoka. Hapo hata ukinunua pini mpya kumi, hakuna inayokaa, kwa sababu nyumba yake imebomoka. Sasa ununue mkono, ununue ekseli, na pengine vikombe na gololi juu yake. Tofauti ya bei ya pini na bei ya vitu hivyo vyote tunaiacha mkaiulize wenyewe mjini, msije mkasema mafundi tunatisha watu.

Dalili ya pili ni macho, siyo masikio. Mikono miwili ya pedeli inatakiwa kuwa mstari mmoja: mmoja ukielekea mbele kabisa, mwenzake uelekee nyuma kabisa. Pini moja ikilegea au ikichongwa vibaya, mkono mmoja unabaki nyuma kidogo. Baiskeli inaanza kuchechemea. Mwendeshaji anahisi mguu mmoja unawahi na mwingine unachelewa, goti linauma, nyonga inauma, naye anadhani ni uzee.

Kupima ni rahisi. Simamisha baiskeli mahali pa sawasawa, sakafu ya ghala inafaa. Chukua fito iliyonyooka na kipande cha mkaa. Simamisha fito pembeni ya ekseli ya katikati, weka alama ya urefu kutoka chini. Zungusha mkono wa kulia uelekee mbele mpaka katikati ya pedeli yake ifike sawa na ile alama. Shikilia hapo, usiachie. Mwenzako aende upande wa kushoto na fito ile ile. Katikati ya pedeli ya kushoto ifike kwenye alama ile ile. Ikiwa juu au chini kwa unene wa kidole, mikono haiko mstari mmoja. Vijana wa shule waliofika siku ya mkutano walipima baiskeli za wazee waliokuwepo, na kazi ilikuwa ya vicheko, maana wengine walikuwa wanajisifu.

Kipimo kingine, cha kujua ni nani mwenye makosa. Shika mikono yote miwili ya pedeli, mmoja kila kiganja, itikise kwenda fremu na kurudi. Ikicheza yote miwili pamoja, pini ni nzima, gololi za katikati zimelegea. Ukicheza mmoja peke yake, pini ya huo mmoja. Kisha iweke mikono mlalo, simama juu ya pedeli zote mbili, shuka, zungusha nusu mzunguko, simama tena. Ukihisi kitu kimesogea chini ya mguu wako kama jino bovu, huna haja ya fundi kukuambia.

Sasa namna ya kutia pini. Tunaomba hapa mtusikilize hata kama mna fundi wenu chini ya mti. Hatumsemi mtu. Fundi wa chini ya mti ameokoa wengi wetu njiani, tena mara nyingi anafanya kazi kwa spana malaya moja na jiwe. Lakini kuna mambo manne ambayo jiwe haliwezi kuyafanya vizuri.

La kwanza ni kutoa pini ya zamani. Usitoe nati yote. Ilegeze mpaka iwe sawa na ncha ya pini, ili pigo lisiharibu nyuzi. Chini ya mkono wa pedeli, upande wa kichwa cha pini, weka kipande cha bomba la chuma kilichosimama sakafuni, pini iweze kuingia ndani ya bomba. Kisha piga mara moja, pigo la maana. Hilo bomba ndiyo siri ya kazi yote. Bila bomba, pigo linapita kwenye ekseli, linaingia kwenye gololi, na gololi zinachimba vishimo ndani ya vikombe. Unaondoka umetengeneza pini, baada ya mwezi katikati panakwaruza kama mtu anatafuna mchanga, na unadhani ni ugonjwa mpya. Ni ule ule, umeuhamisha.

La pili ni ukubwa. Zipo pini za milimita 9 na nusu, na zipo za milimita 9. Kwa macho zinafanana. Ndogo ikiingia kwenye tundu kubwa haitakaa hata ukiizungushia bati la kopo, na tumeona bati za kopo nyingi. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Tazama na chuma chenyewe pia: kuna pini zinauzwa mjini laini kiasi kwamba tupa inazila kama sabuni. Pini ya namna hiyo haimalizi wiki.

La tatu ni kuchonga. Pini mpya mara nyingi inahitaji tupa kidogo kwenye ule ubavu ili ikae. Ichongwe sawasawa, isiwe mgongo wa samaki. Na zile mbili, ya kulia na ya kushoto, zichongwe kiasi kile kile, maana ile iliyochongwa zaidi itazama zaidi, na mkono wake utakwenda nje ya mstari. Ndiyo maana sisi hatubadilishi moja tukaacha ya zamani upande wa pili, hata mtu akilalamika. Ikizama vizuri, nyuzi zinatokeza za kutosha washa na nati, basi.

La nne, nalo ndilo tunaloliona limekosewa mara nyingi kuliko yote: uelekeo. Mkono wa kulia ukiwa mbele na wa kushoto nyuma, nati ya pini moja itazame juu na nati ya pini ya pili itazame chini. Zikitazama upande mmoja zote mbili, kabari zinasukuma mikono kila mmoja njia yake, na baiskeli itachechemea hata kama pini ni za dhahabu. Leo mkitoka mkutanoni tazameni zenu. Kuna watakaorudi kutuona kabla ya jioni.

Ukishaielekeza, igonge pini kwa nyundo, bomba likiwa chini kama kwanza, ndipo ukaze nati. Nati ile ni ndogo. Kazi yake ni kuzuia pini isirudi, siyo kuivuta iingie. Anayeivuta kwa nati atazikata nyuzi, tena atajisifu kwamba amekaza sana. Kisha endesha mpaka kisimani na kurudi, gonga tena, kaza tena. Baada ya siku mbili tatu za mzigo, rudia. Pini mpya hukaa kwa awamu, kama mgeni.

Mtu akauliza mkutanoni: je, kama pini zimekaa vizuri na bado mkono mmoja uko karibu na fremu kuliko mwingine? Huo ni mkono uliopinda, au ni ekseli. Mara nyingi baiskeli ilianguka na mzigo, ikalalia pedeli. Toa mkono, zungusha ekseli kwa vidole, tazama ncha yake. Ikitulia, ekseli ni nzima, mkono ndio umepinda, na mkono wa chuma unanyooka kwenye jiliwa kwa subira. Ncha ikichora duara, ekseli imepinda, hiyo usijaribu kuinyoosha kwa kugonga ikiwa ndani ya fremu. Meno ya mnyororo yakiyumba na ekseli ni nzima, basi ni gurudumu lenyewe la meno limepinda, na hilo ni jambo dogo.

Kuhusu gololi hatukusema mengi, na hapa hatutaongeza sana. Kila upande zinaingia 11 za robo inchi. Zile zilizofungwa kwenye pete huwa chache zaidi. Pete ikivunjika usilie, itupe, jaza 11 na grisi nyingi. Kikombe cha upande wa mnyororo kinafunguliwa kinyume na desturi, basi ukikishindwa usikivunje, angalia kwanza unazungusha wapi. Kikombe cha kushoto ndicho cha kurekebishia: kaza mpaka kucheza kuishe lakini ekseli izunguke bila kukwaruza, ndipo ufunge ile pete yake ya nje. Wenye Raleigh za zamani wajue nyuzi za vikombe vyao ni 26 kwa inchi, na baiskeli nyingi nyingine za mtindo huo ni 24. Kikombe cha moja hakiingii kwenye nyingine, na anayekilazimisha anaharibu fremu, kitu ambacho hakina spea.

Pedeli ya kushoto nayo inafunguliwa kinyume. Mzee mmoja alisema ni ukorofi wa waliotengeneza. Siyo ukorofi, mzee wetu. Zingekuwa za njia moja, ya kushoto ingejifungua yenyewe kila unapokanyaga.

Sasa mafuta. Hapa tutasema bila kuficha. Singida ni mkoa wa alizeti, na kila nyumba ina chupa ya mafuta. Kwa hiyo mnyororo ukilia, mkono unakwenda jikoni. Ndugu wanachama, mafuta ya alizeti ni ya kukaangia. Yakikaa juani na kwenye hewa siku kadhaa yanaganda, yanakuwa gundi, na vumbi letu hili linashikamana nayo mpaka mnyororo unakuwa na viungo vilivyokakamaa. Siku ya kwanza baiskeli inanyamaza, unafurahi. Baada ya wiki mbili inalia kuliko mwanzo, unaongeza mengine. Tumefungua katikati ya baiskeli moja tukakuta gololi zimeshikana kama karanga kwenye kashata. Tia oili ya injini, hata tone moja kwa kila kiungo, kisha ifute yote ya nje kwa kitambaa, ibaki ile ya ndani. Mnyororo unaong'aa kwa oili nje ni mtego wa mchanga. Gololi zitiwe grisi. Kuosha, tumia mafuta ya taa.

Na maji ya ziwa Singidani na Kindai yana chumvi. Vijana wanaokwenda mjini wakaosha baiskeli kando ya ziwa ili waingie wakipendeza, waoshe tena na maji ya kisima wakirudi. Vilevile aliyevuka maji wakati wa mvua huko Wembere, maji yakapita juu ya ekseli ya katikati, asingoje ilie. Afungue, akaushe, atie grisi mpya.

Siku hizi zimezidi kuingia baiskeli za mitumba, nyepesi, zenye gia. Vijana wanazipenda. Hizo nyingi hazina pini. Mwisho wa ekseli ni mraba, mkono una tundu la mraba, na boliti inaubana kutoka mbele, mara nyingi imefichwa na kifuniko cha plastiki. Mkono wenyewe mara nyingi ni wa aluminiamu, laini kuliko ekseli. Hapa kuzoea ni hatari zaidi ya kule kwenye pini. Mkono ukilegea ukaendelea kukanyaga hata njia moja ya kutoka shambani, pembe za tundu zinalika, mraba unakuwa mviringo, na hakuna tupa wala bati litakalourudisha. Mkono huo ni wa kutupa. Ukihisi unacheza, shuka. Sukuma baiskeli mpaka upate spana ya boksi. Tunajua ni mbali na jua ni kali, lakini ndiyo hivyo. Kuutoa mkono huo pia kuna kifaa chake cha kuuvuta, karakana inacho. Usiupige nyundo.

Tumeacha kwa makusudi sauti moja mpaka mwisho, kwa sababu hiyo hatuitanii. Ni mlio mkavu, mfupi, unaokuja ukikaza mguu, na kila kitu ulichokikaza bado unakuja. Geuza baiskeli miguu juu. Futa vumbi pale mabomba yanapokutana chini karibu na ekseli ya katikati, pale shingoni kwenye uma wa mbele, na kuzunguka tundu la pini kwenye mikono. Tafuta mstari mwembamba kwenye rangi, mara nyingi una kutu kidogo kama chozi. Huo ni ufa. Fremu yenye ufa chini, fundi wa kuchomea anaweza kuisaidia kwa muda. Mkono wenye ufa ubadilishwe. Uma wa mbele wenye ufa usichomewe, usipakizwe, usipandwe na mtoto wala mtu mzima. Mwenye baiskeli ya namna hiyo na anategemea kushuka nayo Sekenke au mteremko wowote ule na gunia nyuma, tunamwomba kwa heshima yote aje atuone kwanza, hata kama hana fedha.

Mama mmoja alituuliza swali zuri, tukaona tuliandike. Alisema: mimi siendeshi, naisukuma tu na madumu sita ya maji, je, haya yananihusu? Madumu sita ya lita 20 ni kilo 120. Pini zako hazitaumia, mama, kwa sababu hukanyagi. Lakini keria, spoki za nyuma, na habu vinaumia kuliko vya mtu mwingine yeyote hapa. Kwako sauti itakuja kila gurudumu linapozunguka, siyo kila pedeli. Shika spoki mbili mbili ukizibana kwa vidole kuzunguka gurudumu zima. Ile inayolegea kuliko wenzake ndiyo ya kukaza. Na tafadhali madumu yawe sawa kulia na kushoto. Matatu huku na matatu kule, siyo manne na mawili.

Kijana mwingine akauliza kwa nini tusumbuke na vyuma hivi vya kale wakati dunia ina ndege. Tulimjibu kwamba ndugu wawili Wright wa Marekani, walioruka kwa ndege yenye injini mwaka 1903, kazi yao ilikuwa kutengeneza baiskeli. Watu walicheka, naye alicheka. Siku ya pili alikuja karakana na baiskeli ya baba yake. Nati zote mbili zilikuwa zinatazama juu.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kuanzia wiki hii mpaka ghala lifunguliwe, karakana inapokea baiskeli kila siku isipokuwa siku ya mnada, asubuhi mpaka saa nane. Kusikiliza na kupima ni bure kwa mwanachama na asiye mwanachama. Pini tumeagiza za ukubwa wote mbili. Mwenye haja aandike jina lake kwenye daftari la katibu, tujue idadi kabla gari halijaenda mjini. Wenye bomba fupi za chuma zilizobaki kwenye ujenzi wasizitupe, watuletee, tunataka kila kitongoji kiwe na bomba moja na fito moja ya kupimia.

Na atakayekuja aje na mzigo wake wa kawaida juu ya keria, kama ni gunia ni gunia, kama ni madumu ni madumu. Tunataka kuisikia ikisema mbele yetu.

Mafundi wa karakana, kwa niaba ya kamati.